Ukuta Unaishia Wapi

Mpira wenyewe ulikuwa mnene kama kidole gumba,
wa bei ya chini kuliko soksi zangu za baridi.
Ulipasuka Jumanne, nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nami niko kazini, ghala la mbegu, Winnipeg,
nikihesabu magunia ya watu wengine.

Mashine ya kufulia ilikunywa na kutapika
saa sita nzima, bila haya.
Maji hayana ufunguo, lakini hayakukosa mlango:
yalipita chini ya zulia, yakashika njia ya nyaya,
yakabisha hodi darini kwa Bi Orysia Hnatiuk,
na kabla hajasema karibu
yakaingia pamoja na dari.

Sakafu yangu, kumbe, ni mbingu ya mtu.

Mtathmini alikuja na kifaa chenye meno mawili,
akakigandamiza ukutani, kikauma: tii, tii, tii.
Jina lake Desjarlais. Viatu alivivisha mifuko ya bluu
asije akauchafua uharibifu.
"Jasi ni ya jengo," akasema. "Nguzo, za jengo.
Mabomba yaliyofichwa, ya jengo. Rangi ni yako.
Makabati uliyobadilisha, yako. Mbao ulizotandika
badala ya zile za mjenzi, tofauti ya bei, yako."
Nikamuuliza ukuta unaishia wapi,
mimi ninaanzia wapi.
Akakwaruza kwa ukucha,
akanionyesha unga mweupe kidoleni.
"Hapa."

Miaka kumi na mmoja nalipa mkopo wa unene wa rangi.

Kisha barua ya chama cha wamiliki.
Bima ya jengo italipa, ndiyo,
ila dola elfu ishirini na tano za mwanzo
zinamfuata yule yalikoanzia maji.
Sahihi tano chini, za watu
ninaopanda nao lifti
tukilaumu theluji.

Bima yangu mwenyewe? Sikuwa nayo.
Nilidhani ada ya mwezi ndiyo mwavuli.
Mwavuli ule ulikuwa wa paa, wa ngazi, wa lifti,
wa chungu cha maua pale mlangoni
ambacho hakijawahi kuota kitu.
Wakala aliniambia mwaka ule wa kwanza:
ni bei ya pizza mbili kwa mwezi.
Nilikula pizza.

"Ajali haina kinga," nilijitetea kwenye ngazi.
"Haina," akajibu Bi Orysia.
"Ndiyo maana yangu ina namba ya mkataba."

Wiki ya tatu yuko kwa dada yake, Transcona;
bima inamlipia nauli na chakula,
inalipia kukausha makoti manne ya marehemu mumewe.
Alikuwa amekuja kuchukua barua zake,
bati la biskuti kwapani.
Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa hata nimemchagulia.
Akalifungua bati juu ya meza yangu iliyovimba miguu:
picha za kila chumba, kila droo ikiwa wazi,
risiti ya cherehani ya mwaka sabini na nne,
na mkataba, umepigwa mistari ya penseli nyekundu
chini ya maneno ambayo sikuwahi kuyafikia.
"Soma. Kwa sauti.
Mimi niliusoma peke yangu
kwa Kiingereza cha kuokoteza."

Nikasoma. Moto. Moshi.
Maji taka yanayorudi nyuma.
Dhima kwa jirani.
Hapo akaweka kidole,
hakusema lolote, na hakukiondoa.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Nitayalipa miezi arobaini, nimeshapiga hesabu,
na mkataba wangu umefika juzi, kurasa sitini na mbili,
umechelewa kama mvua ya baada ya mavuno.
Nimenunua mpira mpya, wa chuma cha kusuka.
Nikitoka, hata kwenda kutupa taka, nafunga valvu.

Usiku natembea kwa soksi.
Huko chini mafundi wamemaliza jasi;
kesho wanapaka mbingu rangi nyeupe,
na rangi hiyo, sasa najua,
ni ya Orysia.